Mwanafunzi wa agronomia, lima kwanza msimu mmoja

Wanafunzi wa staji (mafunzo ya kazini) wanaokuja kwenye bustani yangu ya bondeni, huku Kabare, karibu na Bukavu, mashariki mwa Kongo, ukiwauliza watafanya nini baada ya diploma, wengi hujibu: ONG, yaani shirika lisilo la kiserikali. Kwao, enjenia wa kilimo asimamie tu, kulima ni kwa wamama wa kijijini. Siwashangai. Wamekulia nyumba ambamo mtoto mvivu wa masomo hutishwa: “Utaenda kulima!” Hata mimi niliyesomea pale Bukavu, mama mkwe bado ananiuliza nitaanza kazi lini.

Basi, kabla ya kuikubali au kuikataa kazi hii ya kulima, ifanyie hesabu.

Anza Juni, mvua ikikatika. Mlimani udongo unakauka, lakini bondeni unyevu bado upo. Huo ndio msimu C, wa kulima bondeni wakati wa kiangazi. Usinunue ardhi. Omba bwasa, kukodi kwa msimu tu. Kalinzi ni mkataba wa muda mrefu, uache kwanza. Nenda na mzee anayejulikana pale, na mpatane mbele ya mashahidi: malipo ni pesa, mavuno, au siku za kazi?

Are 2 zinatosha, yaani mita 10 kwa 20. Nusu panda lengalenga (mchicha), nusu shu (kabichi). Lengalenga utaanza kukata baada ya wiki nne hivi, shu itakungojesha karibu miezi mitatu. Ya kwanza irudishe pesa ya mbegu wakati ya pili bado inakula samadi.

Sasa daftari, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Andika mbegu, samadi, dawa, usafiri mpaka soko la Kadutu mjini Bukavu, ushuru wa soko, mboga zilizonyauka, na zile ulizokopesha shangazi. Kisha andika siku zako mwenyewe, kwa bei ambayo kibarua wa kijiji hicho analipwa. Usipojilipa, unachokiita faida ni mshahara wako uliojificha. Uza mwenyewe walau mara moja, uone bei ya fungu asubuhi na inavyoshuka jioni.

Hesabu ikitoka ndogo, tafuta palipovuja: usafiri? Kuvuna siku ambayo kila mtu amevuna? Rekebisha, urudie. Usiilinganishe na mshahara wa rafiki mmoja aliyepata ONG. Hesabu pia miezi ya wale wanaozunguka na CV.

Ukiamua hata hivyo kwenda ONG, nenda. Ila siku utakapomwita mkulima kwenye semina ya asubuhi nzima, utajua amepoteza faranga ngapi.