Jino la Mtoto Likioza Vibaya: Usingoje Ling'oke Lenyewe

Magego ya utotoni hukaa kinywani hadi mtoto afikie miaka 9 hadi 12. Wa miaka 3 hawezi kukaa na usaha muda wote huo.

Mlaze chali, kichwa mapajani mwako, penye mwanga, umwinue mdomo wa juu. Meno ya mbele ya juu ndiyo hutangulia kuoza. Ya chini hukingwa na ulimi na mate. Ukiona mstari mweupe usiong'aa kando ya ufizi, floridi (madini yanayoimarisha jino) bado inaweza kuliokoa. Kipele cha usaha kwenye ufizi maana yake maambukizi yamefika mzizini, hata kama mtoto halii. Maumivu yakikoma ghafla, usifurahi: mara nyingi kiini cha jino kimekufa tu.

Kutuliza maumivu, mpe parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 12 hupata miligramu 180, yaani mililita 7.5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5. Soma chupa kwanza, nguvu hutofautiana. Aspirini usimpe kabisa, wala usiibandike kwenye jino, huunguza ufizi. Antibiotiki peke yake haitibu jino bovu.

Hapa Uganda, kwenye kituo cha afya cha daraja la nne au hospitali, uliza mhudumu wa meno. Shimo lisilo na usaha wala maumivu ya usiku linaweza kupakwa dawa ya maji ya fedha na floridi, asilimia 38: jino hukaushwa, midomo hupakwa vaselini, dawa hukaa kama dakika moja. Hakuna sindano. Palipooza patabaki peusi, na peusi pagumu ndiyo dalili njema. Hurudiwa baada ya miezi 6. Gego lenye shimo kubwa ambalo kiini chake kingali kizima huvalishwa kofia ya chuma. Lenye usaha, mara nyingi hung'olewa kwa ganzi. Uliza kuhusu kifaa cha kushikilia nafasi, maana gego la jirani husogea na kuliziba la ukubwani.

Shavu likivimba hadi jicho, chini ya kidevu kukivimba, au mtoto akishindwa kumeza au kupumua, mpeleke usiku huohuo Hospitali ya Mulago, Kampala, au hospitali ya rufaa iliyo karibu.

Na wanaomletea mtoto mchanga fundi wa kuchimba “ebinyo”, yaani “meno ya uongo”: ule ni ufizi wenye jino linalokuja. Kuuchimba huharibu meno yaliyo chini na huingiza maambukizi.

Tangu siku ya matibabu, mpige mswaki asubuhi na kabla ya kulala kwa dawa yenye floridi ppm 1000 (sehemu 1000 kwa milioni, huandikwa kwenye dawa) au zaidi: kiasi cha punje ya mchele chini ya miaka 3, cha njegere baada ya hapo. Ateme, asisukutue. Chupa ya kulalia nayo iwe ya maji matupu, si chai ya sukari.