Namna ya kutafuta vigawo vya mtajo wa kipeo cha pili

Mtajo wa kipeo cha pili ni ule ambao kipeo kikubwa cha x ni 2, na kutafuta vigawo vyake, yaani mabano yanayozidishwa kuupata, ni kinyume cha kufungua mabano. Anayeweza kuzidisha (x + 3)(x + 4) na kupata x² + 7x + 12 anaona mwenyewe namba hizo zimetoka wapi: 7 ni jumla ya 3 na 4, na 12 ni zao lake, yaani 3 × 4. Kwa hiyo mwanafunzi anayeona mada hii ni ngumu asianze kwa kukariri kanuni, bali afungue kwanza mabano mengi, yenye alama chanya na yenye alama hasi, mpaka azoee kuiona jumla katikati na zao mwishoni.

Tuchukue shamba la viazi la mstatili pale Uyole, Mbeya, ambalo urefu wake unazidi upana kwa mita 7 na eneo lake ni mita za mraba 120. Upana ukiwa x, urefu ni x + 7, hivyo x(x + 7) = 120, na tunapata x² + 7x − 120 = 0. Sasa tunatafuta namba mbili ambazo zao lake ni −120 na jumla yake ni 7. Soma alama kabla ya kugusa namba: zao ni hasi, kwa hiyo namba moja ni chanya na nyingine ni hasi; jumla ni chanya, kwa hiyo iliyo kubwa ndiyo chanya. Kisha andika jozi za 120 kwa mpangilio, yaani 1 na 120, 2 na 60, 3 na 40, 4 na 30, 5 na 24, 6 na 20, 8 na 15, 10 na 12, ukitafuta ile yenye tofauti ya 7. Jozi hiyo ni 15 na −8, hivyo vigawo ni (x + 15)(x − 8). Zao la mabano hayo ni 0, kwa hiyo moja kati yake lazima liwe 0, na x ni −15 au 8. Kwa kuwa upana hauwezi kuwa hasi, shamba lina upana wa mita 8 na urefu wa mita 15. Nasisitiza orodha iandikwe daftarini, kwa sababu anayebahatisha kichwani huruka jozi kwa urahisi.

Namba iliyo mbele ya x² isipokuwa 1, kama katika 6x² + 7x − 20, zidisha ya kwanza na ya mwisho: 6 × −20 = −120. Jozi ni ileile, 15 na −8, lakini hapa haiingii moja kwa moja kwenye mabano, bali inagawa kipande cha katikati:

6x² + 15x − 8x − 20
= 3x(2x + 5) − 4(2x + 5)
= (2x + 5)(3x − 4)

Tazama mstari wa pili kwa makini. Ukitoa −4 nje, −20 inageuka kuwa +5 ndani ya mabano. Wengi huandika −5, mabano mawili yasifanane, na kazi ikakwama. Yasipofanana, rudi kwenye alama kabla ya kuitilia shaka jozi yako. Mwishoni fungua mabano upya, na mtajo wa mwanzo lazima urudi kama ulivyokuwa.

Kabla ya yote hayo, toa nje kigawo cha pamoja kama kipo. 3x² − 27 unaonekana mgumu mpaka 3 itoke, ukabaki 3(x² − 9), yaani 3(x − 3)(x + 3).

Si kila mtajo wenye vigawo vya namba kamili. Katika ax² + bx + c, kokotoa b² − 4ac: jibu likiwa mraba wa namba kamili, endelea kutafuta, lisipokuwa, acha. Kwa 6x² + 7x − 20 tunapata 49 + 480 = 529, ambayo ni 23 × 23. Kwa x² + 3x + 5 tunapata 9 − 20 = −11, na hakuna orodha ya jozi itakayousaidia.