Kukodi Gari Marekani: Bima Ipi Uchukue, Ipi Uikatae

Umeshuka Dallas saa tano usiku, watoto wamelala juu ya mabegi, shangazi anapiga simu kuuliza mbona hamfiki. Hapo ndipo kijana wa kaunta anapokuuliza kama utachukua bima. Mimi nilishawahi kujibu hapana, tena kwa kifua mbele, maana binamu yangu alinihakikishia kwamba kadi ya benki inatosha. Keshokutwa yake, kwenye maegesho ya hoteli, nikakuta mlango wa nyuma umebonyea na aliyegonga kaondoka zake. Kumbe kadi inayolinda ni ya mkopo, na mimi nilikuwa nimelipia kwa debiti. Nililipa kazi ya fundi, nikalipa siku ambazo gari lilikaa gereji bila kuingiza hela, halafu juu yake ada ya makaratasi.

Kwa hiyo swali la kaunta lijibu ukiwa bado nyumbani.

Tanzania tumezoea kusema bima kubwa na bima ndogo, na Marekani unaweza kuanzia hapohapo. Kama una gari lako lenye bima kubwa, kwa kawaida bima hiyo inakufuata kwenye gari la kukodi ndani ya nchi, ila utatoa kwanza kile kiasi cha kujilipia kilichomo kwenye mkataba wako, tuseme dola 500 au 1,000. Ukiwa na bima ndogo tu, unalindwa kwa madhara utakayomfanyia mwingine. Gari la kukodi lenyewe likiumia, ni mzigo wako. Piga simu uulize: je, mnalipa zile siku gari linapokuwa gereji? Na nikivuka kwenda Kanada? Mexico usiulize sana. Bima nyingi za Marekani zinaishia mpakani.

Kile kitu cha kwanza wanachokuuzia kaunta, kilichoandikwa CDW au LDW, si bima hasa. Ni ahadi ya kampuni kwamba gari likiharibika au likiibiwa haitakudai. Bei yake mara nyingi ni dola 15 hadi 30 kwa siku, pengine zaidi, na ukikodi wiki nzima inaweza kukaribia bei ya gari lenyewe. Asiye na bima kubwa wala kadi nzuri, aichukue alale usingizi. Lakini ahadi hiyo ina masharti, na linalotuponza sisi ni la dereva. Kutoka Minneapolis hadi Dallas kwenye harusi ni maili zaidi ya 900. Usiku wa manane utasikia, "Shemeji, nishikie usukani nipumzike kidogo." Shemeji kama hayumo kwenye mkataba na akagonga, ahadi imekufa. Muandikishe, hata kama wanatoza kwa siku.

Kadi ya mkopo nayo ina yake. Lazima gharama yote ya kukodi ilipwe kwa kadi hiyo, mwenye kadi awe ndiye dereva mkuu, na CDW uikatae. Nyingi hulipa tu kile kilichobaki baada ya bima yako. Magari ya kifahari, malori na zile van kubwa za kubebea ukoo mzima kwa kawaida hazimo.

Ila tunahangaika mno na mikwaruzo. Hatari kubwa ni mtu uliyemgonga, na kadi haimlipi hata senti. Texas, kiwango cha chini cha bima kinachotakiwa na sheria ni dola 30,000 kwa majeruhi mmoja na 60,000 kwa ajali nzima. Siku chache hospitalini zinaweza kumaliza hizo. Kinachoziba pengo hilo ni bima nyingine ya kaunta iliyoandikwa SLI, na mara nyingi hufika dola 300,000 au hata milioni moja. Unaishi New York na huna gari? Basi huna bima ya gari inayokufuata. Kwako SLI ni ya kuchukua hata kabla ya CDW. Mzee anayekuja kutembea kutoka Nairobi aweke oda akiwa hukohuko kama mkazi wa Kenya, kwa sababu vifurushi vya wageni mara nyingi huja na vyote viwili ndani. Asome tu kabla ya kulipa.

PAI, ile ya majeraha yenu ndani ya gari, iache kama mna bima ya afya. Ya mizigo pia.

Kabla hujawasha gari, lizunguke na simu ukirekodi: bampa, rimu, kioo cha mbele, geji ya mafuta. Rekodi tena unaporudisha. Na ukirudisha usiku ofisi imefungwa, ukatumbukiza funguo kwenye kisanduku, jua kwamba katika mikataba mingi gari bado ni lako mpaka asubuhi watakapolikagua.