Kupanga tamthilia ya Masala Kulangwa: anzia kwenye sikio

Mwezi wa pili mpwa wangu alinijia nyumbani Isevya, mjini Tabora, na daftari kubwa lililojaa mwandiko wake. Alikuwa ametunga sehemu nane za tamthilia ya Shing'weng'we, zimwi la ngano za Wasukuma na Wanyamwezi lililomeza watu wote wa dunia pamoja na mifugo yao. Alibaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye pumba. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, na mtoto alipokua akaliua zimwi, akalipasua tumbo, watu wakatoka hai. "Mjomba, nisaidie kuipanga iingie kwenye televisheni," aliniambia. Ngano hiyo nimeibeba kichwani miaka mingi, na mara ya kwanza nilipojaribu kuipanga ilinishinda kabisa. Safari hii tulimaliza kwa wiki sita, na hivi ndivyo tulivyofanya.

Hatua ya 1: Ichukue mdomoni mwa watu

Usianze na kitabu. Maandishi ya mtu ni mali yake, na ngano iliyokwisha kuandikwa huwa imenyooshwa, yale makunyanzi unayoyahitaji yameondolewa. Tafuta wasimulizi watatu au zaidi, wa vijiji tofauti. Nenda na rekoda ndogo yenye betri za kubadilisha. Simu naikataa, kwa sababu itaita katikati ya simulizi, na msimulizi akikatizwa harudi palepale. Peleka sukari na sabuni, kaa chini, sikiliza mpaka mwisho bila kuuliza. Maswali ni ya siku ya pili.

Bibi mmoja wa upande wa Uyui alipofika kwenye pumba aliinuka, akaleta ungo, akanimwagia pumba za mtama mikononi na kifuani. "Lala humo uone," alisema. Zinawasha mpaka kwenye kope, na ukihema kwa nguvu zinatembea usoni. Nikaelewa yule mwanamke aliokokaje: alipumua polepole huku mwili mzima ukimwasha. Hilo ni tukio zima la televisheni, na sikuwahi kulikuta popote nilipoisoma ngano hii.

Hatua ya 2: Vibali

Kibali cha kupiga picha kinatoka Bodi ya Filamu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazigusa ngano pia, kwa hiyo ulizia mapema, usidhani kitu cha mababu hakina mwenyewe. Droni ina kibali chake, msitu wa hifadhi una chake. Anza kufuatilia siku ileile unayoanza kukata kadi za matukio (Hatua ya 4).

Hatua ya 3: Tafuta mlango wa kuingilia

Hapa ndipo nilipopoteza miezi.

Ngano inameza dunia nzima kwa sentensi moja. Msimulizi akisema "likawameza wote", wasikilizaji wanaitikia na mambo yanaendelea. Kwenye kioo haiwezekani. Mara ya kwanza niliipanga kwa mfuatano wake: sehemu ya kwanza kijiji, ya pili zimwi, na kuanzia ya tatu mama na mtoto peke yao. Mtu wa kituo kimoja aliyenisomea andiko aliuliza swali moja tu: waigizaji wengine wako wapi? Wako tumboni. Nilikuwa na sehemu sita za watu wawili katika nyumba moja, na katika mbili za mwanzo mmoja wao ni mtoto mchanga.

Mpwa wangu alikwama palepale, ila alikimbilia upande mwingine. Aliwaonyesha watu wakiishi ndani ya tumbo: wanalima, wanaoana, wana mtemi wao. Inavutia, na tulikaa nayo siku nne kabla ya kuiacha. Kama ndani kuna mashamba na harusi, kwa nini watolewe? Kila raha unayoiweka tumboni inapunguza uzito wa kazi ya Masala. Na seti ya tumbo la kutosha dunia nzima itakula fedha ya sehemu zote nane. Tumbo libaki giza. Sikilizisha watu sauti tu: kikohozi, ng'ombe anayelia, mtu anayeita jina la mwanawe.

Mlango tulioupata ni sikio. Wasimulizi wetu wote walilitaja, na wote walilipita haraka. Masala alipokuwa akipasua tumbo, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi akatoka na hasira, akataka kumroga aliyemwokoa. Basi tukaanzia hapo. Zimwi limeshakufa, watu wamejaa uwanjani wakifinya macho kwa ukali wa jua, wanataka kumpa kijana utemi, na mwanamke mmoja anayevuja damu anasema hapana, kwanza shauri langu lisikilizwe. Tamthilia nzima ikawa baraza. Kila sehemu shahidi mmoja anasimama, na maneno yake yanaturudisha nyuma. Waigizaji wote wamo tangu dakika ya kwanza, na mahali pa kupigia picha ni pamoja.

Lakini baraza lina masharti yake, na ukiyapuuza utarudia kazi yote.

Chora jedwali la nani anajua nini. Waliomezwa hawajui lolote la utoto wa Masala. Masala hajui siku ya kumezwa ilikuwaje. Bibi anajua giza na makali ya kisu. Mama peke yake anazijua pande zote mbili, ndiyo maana ushahidi wake usije mapema. Tuliuweka sehemu ya sita. Kabla ya jedwali hilo tulikuwa na mzee mmoja anayesimulia kwa machozi jinsi mtoto alivyozaliwa, wakati yeye siku hiyo yuko tumboni.

Usiyaguse marudio. Mtoto anaua panzi, anampelekea mama: huyu ndiye Shing'weng'we? Siye. Anaua ndege: ndiye huyu? Siye. Anaua paa. Mhariri asiyezijua ngano atakwambia ubakize mara moja. Kataa. Tuliyagawa katika sehemu tatu, na kila mara mama anachelewa zaidi kujibu, maana kila mnyama ni mkubwa kuliko wa jana, naye anaona siku inakaribia.

Jambo lingine ninaliandika kwa moyo wangu wote: bibi asiwe mchawi. Katika mikoa yetu hii ya Tabora na Shinyanga, akina mama wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho yaliyokula moshi wa kuni maisha yao yote. Ukimweka kwenye kioo bibi mwenye kinyongo na tunguri, unachochea moto huo. Ngano inasema alitaka kumroga. Sisi tuliliweka neno hilo vinywani mwa umati. Wao ndio wanaonong'ona "anataka kumroga", naye anarudia kusema anachokitaka: aombwe radhi mbele ya watu. Tukio ni lilelile, aliyebadilika ni anayelisema. Sikubali toleo lolote la kazi hii linalomgeuza mama huyo kuwa adui wa mwisho wa shujaa.

Hatua ya 4: Kadi ukutani

Karatasi za manila, kalamu za rangi, ukuta. Programu za simu sizitaki kwa kazi hii, kwa kuwa kioo cha simu kinakuonyesha sehemu moja na ukuta unakuonyesha nane kwa pamoja. Kadi moja, tukio moja. Kipindi cha nusu saa kikiondolewa matangazo hubaki na dakika 22 hadi 24, na ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja, kwa hiyo kadi 14 kwa sehemu zinatosha. Tukio la gharama lipigie alama nyekundu. Sehemu yenye nyekundu tatu irudi mezani.

Hatua ya 5: Majira na vitu

Mvua za Tabora ni za Novemba hadi Aprili, basi panga kupiga picha Mei hadi Oktoba. Ndani ya miezi hiyo fuata miti. Kuanzia karibu na Septemba, kabla tone la mvua halijaanguka, miyombo huchipua majani mekundu yenye rangi ya shaba. Watu kutoka tumboni na kuiona dunia tumelipangia majuma hayo. Lakini nyenze nao wakianza kulia, huwezi kuwaondoa kwenye maneno ya waigizaji. Maneno marefu ya baraza yamalizwe Juni na Julai, asubuhi, wakati pumba za mtama nazo zinapatikana.

Tabora ni mji wa miembe, na muongozaji wako ataitamani kwa kivuli cha baraza. Miembe ni ya zama za misafara ya biashara. Tembe la Kwihara alikokaa Livingstone mwaka 1872 ni zuri, nalo ni la zama hizohizo. Mahindi, mihogo, karanga na tumbaku asili yake ni Amerika. Dunia ya Masala ni ya kale kuliko hivyo vyote, basi usionyeshe hata kimoja. Weka mtama, uwele, asali na mizinga ya magome, na baraza likae chini ya mkuyu.

Hatua ya 6: Rudi kwa msimulizi

Kabla ya kuandika skripti, wasomee waliokupa ngano. Tulikwenda kwa yule bibi wa Uyui, mpwa wangu akamsomea sehemu ya kwanza kadi kwa kadi. Alisikiliza huku anachambua choroko. Ilipofika mahali pa mwanamke kusimama katikati ya uwanja na damu shingoni, mkono wake ukasimama kwenye ungo.

"Sikio lipi, mjukuu wangu?"

Tulikuwa na kadi 112, na hakuna hata moja iliyosema. Mtu wa mapambo angetengeneza jeraha upande huu leo na upande ule kesho. Bibi alishika sikio lake la kushoto, akalikunja kwa vidole viwili.

"Hili. La kulia alikuwa amelilalia."

Mpwa wangu akachukua kalamu nyekundu, akaandika juu ya kadi ya kwanza: kushoto.