Majivu ya siga: weupe si kitu

Nimehudumu miaka kumi na mmoja kwenye chumba cha wavutaji cha hoteli moja huku Upper Hill, na mimi mwenyewe sivuti. Kifua changu hakitaki. Lakini majivu nimeyafuta ya kutosha. Mwaka jana mzee mmoja alinirudishia siga ya Kuba, ile nene ya majani ya tumbaku yaliyosokotwa, aliyoivuta robo tu, akisema nimemuuzia feki kwa kuwa majivu yake yalikuwa ya kijivu. Hasara ikakatwa kwenye mshahara wangu. Siga yenyewe haikuwa na kasoro yoyote.

Rangi hiyo inatoka shambani. Mtumbaku hunyonya madini ardhini, na madini hayaungui, ndiyo yanayobaki kama majivu. Udongo wenye magnesi nyingi huleta majivu meupe. Ikipungua, yanakuwa ya kijivu, na siga nyingi za Kuba ndivyo zilivyo. Magnesi ikizidi, majivu ni meupe pe lakini yanapukutika, yanakuangukia kwenye suti. Aliyepikia jiko analijua hili: makaa ya kila mti yana majivu yake, na chai inachemka vilevile.

Basi ukitaka kuipima siga, iwashe polepole. Izungushe ncha juu ya moto bila kuigusisha, mpaka pande zote ziive, halafu vuta. Usiikung'ute kama sigara! Acha majivu yakue. Iliyosokotwa kwa majani marefu itayashika sentimita mbili na zaidi, yakiwa na tabaka kama sarafu zilizopangwa. Yakimwagika kama unga wa ugali mapema, huenda ndani kuna majani yaliyokatwakatwa. Si feki hiyo, ila usiilipie bei ya wakubwa.

Kisha tazama ule mstari mweusi kati ya majivu na jani la nje. Ukiwa mwembamba na umenyooka, msokotaji alijua kazi yake. Ukiyumba kidogo, mwache, mara nyingi hujirekebisha. Upande mmoja ukikimbia na mwingine ukibaki nyuma, ama imewashwa vibaya ama haikusokotwa sawasawa.

Meusi kabisa, yenye mabaka, hayo ndiyo ya kuulizia, kwa sababu tumbaku haijaungua vizuri, na kwangu kosa huwa ni unyevu. Mvua za Aprili zikikolea huwa naliangalia sanduku la siga kila asubuhi. Kipimo cha unyevu ndani yake kikae kati ya asilimia 65 na 70. Januari na Februari ni kinyume: hewa ya Nairobi inakausha hadi midomo, na siga iliyokauka inaungua mbio, moshi moto, ulimi unawaka. Majivu ya hiyo yanaweza kuwa meupe ya kupendeza, na mteja akaniambia, "Leo umenipa kitu safi."

Majivu yakirefuka, egemeza ncha kwenye ukingo wa kisahani, yatakatika yenyewe. Ukimaliza usiiponde, iache izime. Ikipondwa hunuka, na anayebaki na harufu hiyo ni mimi.