Mpira au plastiki? Jinsi ya kupata namba ya HS sahihi kabla mzigo haujafika bandarini

Wadau salaam. Mimi natoa mizigo hapa Dar es Salaam, na kama kuna sehemu mawakala tunateleza sana ni hii ya sura ya 39 na sura ya 40 kwenye kitabu cha ushuru (ndo chenye namba za HS, zile namba za forodha za kupanga bidhaa), yaani 39 ni plastiki na 40 ni mpira. Shida inaanzia kwenye lugha yetu wenyewe maana sisi kila kinachovutika na kupinda ni mpira tu: mpira wa maji, mpira wa gesi, glovu za mpira, mpira wa mlango wa friji. Forodha hawaendi na majina hayo. Ule mpira wa kumwagilia bustani unaouzwa kwa mita Kariakoo mara nyingi ni PVC, na PVC ni plastiki, haijalishi muuzaji kauitaje na invoisi imeandika nini.

Na ni hela kweli. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una viwango vya 0, 10, 25 na 35 kwa mia, na vitu viwili vinavyofanana machoni vinaweza kuangukia viwango tofauti. Tuseme mzigo una thamani ya CIF (bei ya bidhaa, bima na nauli mpaka bandarini) dola 20,000, kwa 10 unalipa 2,000, kwa 25 unalipa 5,000, alafu VAT ya 18 inapigwa juu ya thamani pamoja na ushuru, kwahiyo tofauti ya 3,000 inazaa nyingine 540. Mteja anakuuliza hizo 3,540 zimetoka wapi na wewe ulishampa hesabu wiki mbili nyuma.

Hatua ya 1: tafuta jina la polima, sahau neno mpira

Ukiona invoisi imeandika rubber peke yake ujue bado huna taarifa yoyote. Mwandikie muuzaji akutumie datashiti ya malighafi (karatasi ya sifa zake) yenye jina la polima, yaani ile kemikali kuu iliyojenga bidhaa, na umuombe mapema wakati mzigo bado uko kiwandani kwake, maana akishalipwa hela zote majibu yanakuwa ya shida. Unachotaka kuona ni herufi za kifupi za polima, upande wa mpira kama SBR, NBR, EPDM, CR, IIR, au upande wa plastiki PVC, EVA, TPU, VMQ.

Mimi haya nimejifunza kwa maumivu. Nilipata mzigo wa oringi (pete za kuzuia kuvuja), invoisi inasema ni za mpira, nikaweka 4016.93 ambayo ni ya gasketi na sili za mpira uliopikwa (uliokazwa kwa salfa na joto), nikalala usingizi. Kwenye ukaguzi boksi likafunguliwa, ndani kuna pakiti ndogondogo za nailoni, zingine zimeandikwa NBR 70, ni nyeusi, zingine VMQ 60, zina rangi ya matofali. Ile 70 na 60 ni ugumu tu, haibadilishi kitu, lakini VMQ ni silikoni, na silikoni kwa forodha ni plastiki. Ofisa akaniuliza hizi nyekundu nazo umezipeleka wapi, sikuwa na jibu. Tukarekebisha deklaresheni, siku zikaenda, stoo inahesabu, na kosa lilikuwa langu kwasababu datashiti sikuwahi kuiomba.

Hatua ya 2: soma Noti ya 4 ya sura ya 40, soma polepole

Watu wengi wanafungua kitabu wanakimbilia namba, noti wanaziruka. Mpaka wa mpira wa sintetiki na plastiki umeandikwa pale, na Noti ya 2 ya sura ya 39 inakurudisha palepale, inasema mpira wa sintetiki kama ulivyoelezwa sura ya 40 haumo kwenye plastiki. Noti ya 4 inataka mambo haya kwa pamoja:

Kwanza, mnyororo wa kemikali uwe haujashiba, yaani bado una vifungo mara mbili ambavyo salfa inaweza kuvishika. Pili, ukipikwa na salfa, ndo hiyo tunaita valkanaizesheni, ugeuke bila kurudi nyuma kuwa kitu ambacho hakiyeyuki tena kwa moto. Tatu, hicho kilichopikwa, kwenye joto la nyuzi 18 mpaka 29, kivutike mara tatu ya urefu wake bila kukatika, na ukikivuta mara mbili kirudi ndani ya dakika 5 kisizidi mara moja na nusu ya urefu wa mwanzo.

Chukua kipande cha sentimita 5. Kivute mpaka 15, kisikatike. Kivute mpaka 10, kiachie, hesabu dakika tano, pima tena: kikiwa 7.5 au chini yake kimepita.

Sasa hapa ndo watu wanaposhika nusu na kuacha nusu. Wanavuta bidhaa iliyokuja kwenye kontena, ikirudi wanasema mpira huo, ikikatika wanasema plastiki hiyo, kumbe kipimo hakifanywi hivo. Kipimo ni cha polima yenyewe iliyopikwa bila vijazio na bila vilainishi, vinaruhusiwa vile tu vinavyohitajika kwenye kupika na vichache vilivyotajwa Noti ya 5. Gasketi ngumu iliyojazwa kaboni nyeusi na chokaa inaweza kukatika mkononi na bado ni mpira halali wa sura ya 40, na silikoni inavutika vizuri na kurudi vizuri lakini ni plastiki, kwasababu ile sifa ya kwanza haina. Ndo maana maelezo ya WCO (Shirika la Forodha Duniani) yanasema bidhaa iliyokwisha kupikwa isiyoweza kupimwa yenyewe, itafutwe sampuli ya malighafi yake kabla haijapikwa.

Hatua ya 3: pitisha polima yako hapa

Za 4002 (mpira wa sintetiki mbichi) ziko wazi: SBR, BR, butili (IIR) na ndugu zake wenye klorini au bromini, CR ambayo wengi wanaijua kwa jina la neopreni, NBR, IR na EPDM. Thioplasti nazo ni mpira bila hata kupimwa, noti imezitaja kwa jina.

Za plastiki ambazo zinajifanya mpira: silikoni ni 3910, poliurethani (PU) 3909, EVA 3901 na PVC laini 3904.

Kuna pacha mbili nazipenda kuwafundishia vijana ofisini, ukizielewa umeelewa sura nzima. Butili na poliisobutileni zimetoka karibu tumbo moja, ila butili imewekewa isopreni kidogo, na hiyo isopreni ndo inaleta vifungo mara mbili vya kushika salfa, kwahiyo butili iko 4002 na poliisobutileni iko 3902. Pacha ya pili ni EPDM na EPM. Hiyo D katikati ni dieni, imewekwa makusudi ili salfa ipate pa kushika, ukiitoa inabaki ethileni na propileni tupu, imeshiba, inarudi sura ya 39. Herufi moja tu kwenye datashiti.

Na hii SBS (polima ya stairini na butadieni) ya kutengenezea soli na kuchanganya na lami inawachanganya hata wazoefu maana ukiipasha inayeyuka kama plastiki yoyote. Lakini noti haijasema iwe imepikwa, imesema *inaweza* kupikwa na salfa, na SBS ina vifungo vyake, kwahiyo mbichi inaenda 4002.19. Ikishashibishwa kwa haidrojeni inakuwa SEBS, haipikiki tena na salfa, tafuta 3903. Kwahiyo mteja akikwambia naleta chembechembe za TPR (jina la jumla la malighafi zinazovutika kama mpira lakini zinayeyuka) usimpe namba palepale, muulize imejengwa juu ya nini.

Mbichi nayo iangalie vizuri. Mpira ambao tayari umechanganywa na kaboni nyeusi au dawa za kupikia lakini haujapikwa hauko 4002 tena, ni 4005.

Hatua ya 4: sasa angalia umbo

Ukishajua familia, umbo halisumbui sana. Mabomba: ya mpira uliopikwa ni 4009, ya plastiki ni 3917. Kwenye 4009 kata kipande uangalie ukutani mwa bomba, ukiona nyaya za chuma unaenda 4009.21 au 22, ukiona nyuzi za kitambaa ni 31 au 32, ile 2 ya mwisho ni kama lina fitingi zake mwishoni. Bomba la PVC la bustani lenye nyuzi nyeupe zimepishana katikati ya tabaka mbili ni 3917.39, lisilo na nyuzi wala fitingi ni 3917.32.

Glovu: nitrili na lateksi ni 4015, na za hospitali tangu toleo la 2022 zina 4015.12 yake. Za vinili ni PVC, hizo ni 3926.20. Mabelti ya kusafirishia mizigo ya mpira ni 4010, ya PVC au PU ni 3926.90. Oringi ya NBR 4016.93, ya silikoni 3926.90. Viatu usihangaike kabisa, malapa na yeboyebo ziko sura ya 64 na pale mpira na plastiki wamewekwa pamoja.

Hatua ya 5: spea za magari, shika breki hapa

Watu wa spea karibu wote wanataka 8708, namba ya vipuri vya magari, kwasababu ni kitu cha gari. Nenda Noti ya 2 ya Sehemu ya XVII, ile ya vyombo vya usafiri: vitu vya mpira uliopikwa, ukiacha mpira mgumu (eboniti), vimetolewa humo vikapelekwa 4016. Kwahiyo bushi ya stebilaiza ambayo ni raba tupu ni 4016 hata kama imeandikwa jina la gari. Ile ya poliurethani, za rangirangi wanazopenda watu wa kurekebisha gari, noti hiyo haiitoi kwasababu sio mpira, inabaki na haki ya kuangaliwa 8708. Bushi yenye chuma nje na raba ndani inabidi uende Kanuni ya 3(b) ya kutafsiri kitabu cha ushuru, uangalie ni kipi kinaipa kitu sifa yake kuu, na uandike sababu zako, usibahatishe.

Hatua ya 6: kama muuzaji kagoma kutoa datashiti

Pasha sindano uichome kwenye kona ya sampuli. Ikizama na kuvuta uzi ni termoplastiki, mpira uliopikwa hauyeyuki, unaungua tu na kunuka. Silikoni ikiungua inaacha jivu jeupe. Waya wa shaba uliopashwa, ukiugusisha na kuurudisha motoni ukatoa moto wa kijani, kuna klorini, lakini usikimbilie kusema PVC maana neopreni nayo ina klorini, hapo sindano ndo inaamua. Fanyia nje, huo moshi wa klorini sio wa kuvuta. Na haya ni ya kukuelekeza wewe tu, hayasimami mbele ya ofisa, ya kusimama ni ripoti ya maabara inayotaja polima.

Hatua ya 7: andika vizuri na ujilinde

Kwenye maelezo ya bidhaa usiandike rubber goods. Andika polima, umepikwa au haujapikwa, una nini ndani, na kazi yake. Ambatanisha datashiti. Mzigo unaojirudia kila mwezi omba uamuzi wa awali wa uainishaji kabla hujaagiza, TRA wanatoa na KRA wa Kenya wanatoa, kitabu cha ushuru ni kimoja.

Ukikataliwa na unaamini uko sahihi, kifungu cha 229 cha sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 kinakupa siku 30 tangu uamuzi kuomba Kamishna aupitie upya. Andika barua ukianzia na Noti ya 4 kipengele kwa kipengele, weka ripoti ya maabara nyuma yake, na kama bado una sampuli ya mzigo ule funga kwenye mfuko, iandike namba ya deklaresheni, uiweke kwenye faili.