Wikiendi Kiwira: mto asubuhi, chai mchana, na usikimbilie kurudi

Watu wengi Kiwira wanaijua kwa dirisha la basi tu. Basi la Kyela au Kasumulu linasimama dakika tano, unanunua mkungu wa ndizi na ndoo ya viazi, safari inaendelea. Mi nakwambia shuka, kaa siku mbili, huu mji mdogo wa wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya, una mto wenye maajabu yake na mashamba ya chai yako hapo hapo jirani, na ukipanga vizuri huhitaji gari lako wala wakala wa utalii.

Kufika ni rahisi. Kutoka Dar utapanda basi mpaka Mbeya, ni siku nzima barabarani, au treni ya TAZARA kama ipo na una muda na unapenda kuangalia nchi, au ndege mpaka uwanja wa Songwe, jirani na Mbeya. Ukiwa Mbeya nenda stendi ya Nane Nane, kule ndo utapata kosta, yale mabasi madogo, za Tukuyu na Kyela, panda inayopita Kiwira na mwambie konda mapema unashukia wapi. Kaa upande wa dirisha. Ukishaiacha Uyole barabara inaanza kupanda, hewa inabadilika kabisa, unafunga kioo mwenyewe bila kuambiwa, halafu ukianza kushuka upande wa pili kila kitu ni kijani, migomba, viazi, miti ya parachichi, na ukizidi kwenda mbele ndo unaanza kuiona chai.

Kulala una chaguo mbili. Kiwira penyewe kuna gesti za kawaida, ukitaka vyumba vya kuchagua na benki songa mbele kidogo mpaka Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Mi napenda Kiwira kwa sababu asubuhi niko karibu na mto tayari, ila kama unaenda na wazazi au watoto wadogo chukua Tukuyu. Popote utakapolala uliza maji ya moto kabla hujalipa, tena uonyeshwe yanatoka, maana Juni na Julai baridi ya huku haina mchezo.

Kuhusu msimu, mvua inaanza kama Novemba inakwenda mpaka Mei na Aprili ndo inamwagika kwelikweli. Juni mpaka Oktoba ni kukavu zaidi, ila Rungwe mvua inaweza kukunyeshea mwezi wowote kwahiyo koti la mvua beba tu, pamoja na sweta na viatu vyenye meno. Ukiniuliza mimi nenda mwanzoni mwa Juni, njia zimeanza kukauka, mto bado una nguvu na chai bado inachumwa vizuri.

Sasa Jumamosi asubuhi, mto kwanza. Tafuta bodaboda mtu mzima anayejua njia, mpatane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, yote kwa pamoja kabla hujapanda, ukisema tutaongea mbele ya safari hapo ndo ugomvi unapoanzia. Mwambie akupeleke Daraja la Mungu halafu Kijungu. Daraja la Mungu ni mwamba umejipinda juu ya mto Kiwira kama daraja lililojengwa, wataalamu wanasema ni lava ya volkano ilipoa huku maji yakipita chini yake. Simama pembeni uangalie maji yanavyoingia upande huu na kutokea upande wa pili, usikimbilie picha.

Kijungu ndo penyewe. Mto mzima, ule ule mpana uliouona juu, unabanwa kati ya miamba unakuwa mwembamba, halafu unaangukia kwenye shimo la mviringo lililochongwa kama chungu, ndo maana ya jina, na maji yanazunguka humo ndani kwa kishindo mpaka unakisikia kifuani. Hapa naomba unielewe vizuri: ile miamba ya pembeni ina ukungu wa kijani na inateleza hata siku ya jua. Usisogee ukingoni, usijaribu kuruka, usishuke kuogelea, na kama uko na watoto shika mkono muda wote. Maji yanayozunguka namna ile hata mwogeleaji mzuri hayamwachii. Kitu kingine, eneo hili liko jirani na chuo cha Magereza Kiwira, kwahiyo beba kitambulisho, ripoti pale utakapoelekezwa, na usipige picha majengo wala askari. Ukiwa na adabu unapokelewa vizuri tu.

Mchana geukia chai. Panda kosta ya kwenda Tukuyu ushuke Katumba, kiwanda cha chai kiko pale, na chai yake nyingi inatoka kwa wakulima wadogo wenye vijishamba vyao nyumbani. Kuingia kiwandani inataka ruhusa, pita ofisini siku za kazi au mwombe mwenyeji akuulizie kabla, wakikataa usilazimishe kwa sababu shambani ndo kuna uhondo zaidi. Msalimie mkulima, mwombe uone anavyochuma. Anachukua majani mawili machanga na chipukizi lake, yale magumu ya chini anayaacha, na mkono unakwenda haraka kuliko macho yako. Akishavuna majani hayasubiri, lazima yafike kiwandani siku ile ile maana yakilala yakapata joto yanaungua na bei inaharibika. Kiwandani yananyaushwa kwanza yapungue maji, yanasagwa, yanaachwa yapate hewa mpaka yageuke rangi ya shaba, halafu yanakaushwa na kuchekechwa. Hiyo chai nyeusi unayokunywa kila siku ilikuwa kijani kabisa, hewa tu ndo imeigeuza. Ukipata kikombe cha chai ya huku kinywe kwanza kikavu bila maziwa wala sukari, walau mafunda mawili, uijue ladha yake.

Usikanyage katikati ya mistari ya chai bila kuambiwa, usichume kwa ajili ya picha, na mwombe mtu ruhusa kabla hujamlenga na simu. Yule mama yuko kazini, kila dakika ni kilo.

Salamu jifunze hata moja. Wanyakyusa, wenyeji wa huku, wanasema "ugonile", mkubwa wako mwambie "mugonile", na kushukuru ni "ndaga fijo". Utaona uso wa mtu unavyofunguka, na hapo ndo utaambiwa njia ya mkato na utakaribishwa mbalaga, ndizi za kupika za huku, ukipata na maziwa mgando usikatae.

Jumapili chagua kitu kimoja tu, viwili vitakuchosha. Kama miguu iko vizuri panda mlima Ngosi, njia yake inachepukia Mchangani kule unakotokea Mbeya, unapita msituni na kwenye matope mpaka ukingoni, halafu ziwa la kreta, yaani lililojaa kwenye shimo la volkano, linakutokea chini ghafla. Chukua mwenyeji, msitu ule una ukungu na njia zinapotea. Kama hutaki kupanda, nenda ziwa Masoko upande wa Tukuyu, lina boma la mawe la Wajerumani na ukimya mzuri. Mlima Rungwe wenyewe, kama mita 2,960, ndo nyumbani kwa kipunji, yule kima aliyetangazwa na wanasayansi 2005, ila huo uwekee safari yake.

Kurudi, nunua ndizi na parachichi sokoni Kiwira asubuhi kabla mabasi hayajaanza kupita, bei inaongeleka na wauzaji hawana haraka. Parachichi chukua zile ngumu, zitaiva ukifika. Pesa ndogo ndogo ziwepo mfukoni, na ukae barabarani mapema maana kosta za jioni zinajaa.